Kibuyu cha Shosho Ciakuthii Chaingia Mtandaoni

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Likizo imeanza na tayari nina cheo. Afisa wa Mauzo Mtandaoni. Cheo nimejipa mwenyewe. Mama alisema tu, "Shika hii simu, ufanye hiyo kitu watoto wa siku hizi hufanya, watu wajue tuko hapa."

Hapa ni kibanda chetu cha asali, soko la Kianjai, kati ya mama wa vitunguu na fundi wa cherehani. Asali inatoka Siakago, kule Mbeere, kwenye mizinga ya babake Ngari. Ngari ni kijana wa huko, hufanya kazi ya mabomba ya kunyunyizia migomba Mitunguu, na kila akienda kwao hurudi na mitungi. Asali nyeusi kidogo, ina harufu ya moshi. Nzuri sana. Lakini kuna duka jipya karibu na steji linalouza asali kwenye chupa yenye umbo la dubu. Watu wanampenda dubu. Hakuna mtu hapa Kianjai amewahi kuona dubu, lakini wanampenda.

Shida ni kwamba Mama amenichagua mimi. Mimi ndiye yule msichana wa Kidato cha Tatu ambaye akiitwa kusoma insha yake mbele ya darasa, huisomea viatu vyake. Mwalimu wa Kiswahili alisema nina kalamu ya simba na sauti ya mbu.

Nimefungua ukurasa. Jina limenichukua asubuhi nzima. "Nekta ya Nyika" — binamu yangu Mwiti, ambaye ana pikipiki ya boda na maoni juu ya kila kitu, alisema linafanana na dawa ya minyoo. Mwishowe nimeandika "Asali ya Mama Winfred". Winfred ni mimi. Kwa hivyo kabla ya kuitangaza asali, nimejitangaza mwenyewe.

Jumanne, 5 Agosti

Tangazo la kwanza. "Enyi wapenzi wa utamu wa asili, karibuni mjipatie asali iliyorinwa kwa ustadi na subira..." Liliendelea hivyo kwa aya nne. Niliweka hata nukta mkato.

Waliopenda: Mwiti, akaunti ya pili ya Mwiti, na mtu anayeuza viatu Nairobi.

Maoni yalikuwa mawili. La kwanza: "Bei?" La pili: "Fupisha."

Nilimjibu yule wa bei kwa aya mbili. Hajarudi.

Mwiti ameniambia, Winnie, hii si mtihani, hakuna mtu anakupea maksi. Nimemwambia lugha ni vazi la mtu. Amesema basi mimi nimevaa koti tatu kwa jua.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeenda laivu. Sitaki kuandika habari zake lakini nitaandika.

Nilisema, "Habari zenu nyote." Nyote alikuwa mtu mmoja. Mtu mmoja alikuwa Mwiti, ameketi kwenye pikipiki hapo nje ya kibanda, na sauti yangu ilikuwa inatoka kwa simu yake na kunirudia masikioni. Nikanyamaza. Cherehani ya fundi ikaendelea kuongea peke yake. Halafu Mama akapita nyuma yangu na beseni, akauliza mbona sijala viazi.

Jioni nimeona ile video imeangaliwa kuliko kila kitu nilichowahi kuweka. Maoni yote yanauliza, huyo mama wa beseni anauza nini? Hakuna hata mmoja aliyeuliza mimi ni nani. Nimefurahi na nimeumia.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimetazama somo la mauzo la kijana mmoja aliyevaa miwani bila sababu. Anasema usiuze bidhaa, uza hadithi. Onyesha watu yaliyo nyuma ya pazia.

Sisi tuna pazia kweli. La maua mekundu, limekatiza kibanda katikati. Mbele ni chupa. Nyuma ndipo Mama hufanya kazi anayojulikana nayo hasa: asali ya posa. Ukitaka kwenda kuomba binti wa watu, unamletea Mama kibuyu. Anakiosha, anakifukiza, anakitia asali iliyochanganywa na maji — kwetu ni watu wa kanisa, haiachwi ichachuke — halafu anakifunika kwa leso. Kinatoka kimefunikwa na kinafika kimefunikwa. Baba wa msichana akinywa, mambo yameanza. Asiponywa, kibuyu kinarudi vile kilivyokuja.

Ndiyo maana Mama hasemi kitu. Hata kwangu hasemi. Anasema nyumba ikikataa, hakuna mtu anapaswa kujua kwamba iliombwa.

Leo Ngari amekuja bila mitungi. Amekuja na kibuyu ndani ya gunia, amekishika kama mtoto mchanga. Kibuyu cha zamani, cheusi, shingoni kina ufa ulioshonwa kwa waya wa shaba. Amenong'ona na Mama nyuma ya pazia. Mama amecheka, kisha akasema ala, ala, polepole.

Pazia si ukuta. Anayetaka kumposa ni Joyline! Joyline wa Mzee Kaimenyi, yule mwenye mashine ya kusaga unga. Joyline ni mwalimu wa chekechea, na ndiye aliyenifundisha shule ya Jumapili. Siku nilipojificha nyuma ya tangi la maji ili nisiseme aya ya Krismasi mbele ya watu, alikuja akajificha na mimi mpaka ibada ikaisha. Ningemchagulia mume ningemchagulia Ngari. Hawajaniuliza.

Mpango wao: Alhamisi ijayo mjomba wa Ngari atoke Siakago, aje kumsalimia Mzee Kaimenyi na kufungua mazungumzo kwa heshima. Kisha Jumamosi ya tarehe 23 wazee walete asali.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepata picha. Mama alikuwa ameweka kibuyu dirishani kikauke, na jua lilipita kwenye waya wa shaba. Hata mimi, ambaye hupiga picha za vidole vyangu, nimeipiga vizuri.

Nimefikiria sana. Hakuna jina. Hakuna uso. Kulikuwa na ncha ya mkono wa Mama, nimeikata. Mimi si mjinga, siri ya mteja ni siri. Kibuyu ni kibuyu tu.

Nikaandika: "Kibuyu kimoja. Nyumba mbili. Asali iko njiani. Asali ya Mama Winfred, soko la Kianjai."

Fupi! Mwiti amesema, sasa umeanza kuongea kama mtu. Nimeirusha hadi kwenye kundi la Kianjai Sokoni, ambako watu huuza ng'ombe na kutukanana.

Jumanne, 12 Agosti, asubuhi

Zaidi ya watu mia nne wamependa. Mia nne! Kuna mama wa Laare ameuliza kama tunatuma kwa gari. Kuna mtu wa Qatar ameandika kwamba amelia. Nimewaza vile nitaalikwa kuongea na Kidato cha Kwanza kuhusu ubunifu, na nitakataa kwa unyenyekevu, na watanisihi.

Jumanne hiyo hiyo, mchana

Mungu wangu.

Maoni, yalivyofuatana:

"Hiyo waya naijua. Ilishonwa na marehemu babu."

"Hiki si kibuyu cha shosho wa kina Kaimenyi?"

"Ndiyo chenyewe. Kwani Joyline anaenda?"

"Nani huyo ametuibia Joyline?"

"Pilau ni lini, msitufiche."

Mtu akajibu kwamba kuna jamaa mmoja wa mabomba ambaye siku hizi husaga unga Kianjai na anakaa Mitunguu.

Sikujua. Naapa sikujua. Nilidhani kibuyu kimetoka kwao Ngari. Mama ameketi kwenye kreti akanieleza, bila kupaza sauti, na hilo ndilo lilikuwa baya. Kibuyu ni cha Shosho Ciakuthii, mamake Mzee Kaimenyi, nyanya yake Joyline. Alimpa Ngari kisiri. Ni shosho wa nyumba ndiye hufanya hivyo akimpenda kijana: kibuyu chake kinatoka kikiwa kitupu na kurudi kikiwa na asali, na leso ikiondolewa mbele ya wazee, mwanawe anaona mama yake ameshasema ndiyo. Hapo hakuna maneno mengi.

Sasa leso imeondolewa mbele ya watu mia nne na mmoja wa Qatar.

Mwiti alikuwa kwa mashine ya Mzee Kaimenyi, amepeleka mteja. Anasema mama mmoja wa mahindi alimwonyesha Mzee simu, akamwambia, hongera baba Joyline, na wewe umenyamaza tu. Mzee akaangalia. Akazima mashine, debe la mtu likiwa katikati. Akaenda nyumbani kwa miguu, na unga nyusini.

Jumatano, 13 Agosti

Nimefuta ile picha. Haijafutika. Watu waliihifadhi. Kuna mtu ameitengenezea stika, kibuyu kina miguu na kinakimbia. Asubuhi mama wa vitunguu amenitumia bila kujua ni mimi niliyeanza.

Mzee Kaimenyi ametuma neno: huyo mgeni asisumbue wazee wake. Mjomba wa Ngari alikuwa ameshaondoka Siakago leo ili alale kwa rafiki njiani. Alipigiwa simu akiwa Chuka. Akateremka, akanywa chai, akarudi.

Ngari amekuja kibandani jioni. Nilikuwa tayari kugombezwa. Hata nilitaka. Ameniambia tu, "Winnie, ile picha ilikuwa nzuri. Unitumie, nibaki nayo." Kisha akamuuliza Mama kama kibuyu akirudishe kwa Shosho ama akae nacho kidogo. Mama akasema akiache.

Nimeenda nyuma ya pazia nikajifanya natafuta vifuniko.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekutana na Joyline kwenye njia ya kanisa. Nilitaka kuingia kwenye mahindi ya watu lakini aliniona.

Hakunigombeza pia. Hawa watu wana shida gani? Alisema babake hali naye meza moja. Mzee anasema wamemfanya mgeni katika boma lake. Nikamuuliza — kwa viatu vyangu — je, asipokubali? Akasema wako wasichana ambao huenda tu, wanakodi nyumba, wazazi wanazoea. "Mimi sitaweza, Winnie. Siwezi kuondoka kwetu kama mtu ameiba kuku. Baba asiponywa, siendi."

Kwa hivyo ndivyo ilivyo. Sio kibuyu tena. Ni yeye.

Ijumaa, 15 Agosti

Mama amenipeleka kwa Mzee Kaimenyi. Tulipita katikati ya soko. Nilikuwa nimekariri maneno ya kuomba msamaha tangu asubuhi. Yalikuwa na methali tatu.

Mzee alikuwa ameketi barazani. Shosho Ciakuthii pembeni anapukuchua maharagwe, mdogo kama mtoto, macho makali.

"Wewe ndiye Facebook?" Mzee akauliza.

"Ndiyo, Mzee."

Nimekiri kuwa Facebook. Mama alikohoa.

"Walipenda watu wangapi?"

Nikamwambia.

"Na mimi, nilikuwa wa ngapi kujua?"

Methali zote zikatoroka. Nikasema, "Sijui, Mzee. Lakini ilikuwa yako kuona kwanza, na mimi nikakuonyesha mwisho." Nilisema kwa sauti ya mbu, ikabidi nirudie. Kuomba msamaha mara mbili kwa sababu hukusikika mara ya kwanza — hiyo ni adhabu ambayo haijaandikwa kwa sheria za shule.

Shosho ndiye alianza.

"Kaimenyi, wacha kumtesa mtoto wa wenyewe. Kasirikia mimi."

"Nimekukasirikia pia, Mama. Mbeere ni mbali. Msichana akiugua huko, nani atajua?"

"Kwani mimi nilitoka wapi? Nilianguka na mvua?" Nilikuwa nimesahau kwamba Shosho mwenyewe aliolewa kutoka upande huo. Hata jina lake ni la huko, na nimelisikia maisha yangu yote.

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungekataa."

"Na sasa sijakataa?"

"Sasa umekataa ukiwa na watu wakikuangalia," Shosho akasema. "Hiyo ni nzito zaidi kurudisha. Hilo ndilo kosa la huyu mtoto, si lingine."

Maharagwe yakaanguka kwenye ungo. Mama akatazama milima.

Kisha Mzee akataka kuiona picha. Nikasema nimeifuta. Akasema, ulifuta ya watu, yako iko wapi. Nikampa simu. Aliipanua kwa vidole viwili, polepole, hadi kwenye ule waya. Akakaa nayo. Akasema kwamba akiwa mdogo huo waya ulikuwa unang'aa hata jikoni kukiwa na moshi. Akanirudishia simu, akaenda kwa mashine yake. Hatukuagwa.

Njiani Mama amesema sikuongea vibaya. Kwa Mama hiyo ni shahada.

Jumatatu, 18 Agosti

Biashara inanawiri. Naandika hili kwa aibu. Watu wanakuja kuona "kibanda cha kibuyu", na wakishaona wanaona haya kuondoka bila chupa. Leo asubuhi chupa ndogo zimeisha. Kijana wa miwani angeniita mfano bora.

Saa za chai amekuja mama mmoja wa Mitunguu ambaye alikuwa ameacha kibuyu cha mwanawe nyuma ya pazia. Alisalimia vizuri sana, akauliza masomo yangu, akasema ameamua watafanya wenyewe nyumbani. Akakichukua, akakifunika kwa kanga yake mwenyewe. Mama akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi akafagia mahali ambapo hapakuwa na uchafu.

Nikamwambia nitafunga ukurasa. Akasema, "Usifunge. Uza chupa. Lakini nyuma ya hili pazia, hata jicho lako uliache mbele."

Nyuma sasa kumebaki kibuyu kimoja tu, kile cha Shosho.

Alhamisi, 21 Agosti

Neno limekuja kupitia kwa Ann, mdogo wake Joyline. Mzee Kaimenyi amesema waje Jumamosi, siku ile ile waliyoipanga. Kwamba mtu hafukuzi kibuyu cha mama yake njiani. Hajasema atakunywa. Ann alimuuliza wazi, na akaambiwa aende akaoshe masufuria.

Na kuna neno la pili. Yule msichana wa simu aje asaidie jikoni.

Mimi! Nimemuuliza Mama kwa nini. Anasema ukiitwa unaenda. Nimemuuliza Mwiti. Anasema labda watu wa Mbeere wanahitaji laivu. Kuna watu ishirini hivi wameniandikia wakitaka laivu. Mmoja ameandika, "Tuko na wewe dada, usituangushe." Siwajui hawa watu na sasa ninawaangusha.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika nikiwa nimeketi kwenye mtungi wa maji uliopinduliwa, jikoni kwa kina Kaimenyi. Mikono ina harufu ya vitunguu. Nikiitwa nitaacha.

Wazee wa Ngari wamefika wakiwa na vumbi hadi kwenye kope. Kibuyu kimeingia kimefunikwa. Hakuna mtu Kianjai hii ambaye hajui kilichokuwa chini ya leso, hata kuku wa hapa wanajua, lakini Mama amekifunika kwa leso mbili. Alikuwa anafunga fundo kama mtu anayefunga kidonda.

Kimewekwa mezani kabla ya chai. Chai imenyweka. Kiko pale pale.

Wameongea juu ya mvua. Wameongea juu ya bei ya mbolea. Mzee mmoja wa kwao amesifu sana mashine ya kusaga ya Mzee Kaimenyi, na Mzee akasema asante. Ann anaenda na kurudi na kutuambia. Joyline anamenya viazi. Viazi tulishamenya. Hivi ni vya mbegu. Hakuna mtu anamwambia.

Ann amerudi. Leso zimetolewa. Anasema Mzee Kaimenyi ameuliza, kwa sauti ya kanisani, "Kibuyu hiki kila mtu ameshakiona. Mnataka mimi nione nini kipya?" Na kwamba Ngari alitazama chini. Na kwamba mjomba wake, yule aliyerudi kutoka Chuka, akasema, "Asali, baba. Hiyo hawajaionja."

Hakuna aliyecheka. Shosho Ciakuthii pekee ndiye ameuliza kama sasa tutaketi hapa mpaka Krismasi.

Simu inatetemeka mfukoni. "Imeenda aje?" "Amekunywa?" "Tuma hata picha moja." Kijana wa miwani angesema huu ndio wakati. Nimeizika kwenye gunia la viazi.

Ann tena. Baba anataka kikombe.

Joyline amesimama. Nikasimama. Halafu Ann, kwa sababu ni mtoto mkweli, akasema ni saa yake ya dawa ya presha, huenda ni cha maji. Joyline akaketi. Nimetoa kikombe. Nimekisuuza. Nilikuwa nimeshika jagi la maji.

Ann amerudi mbio, amegonga mlango kwa bega. Si kikombe, ni vikombe. Viwili. Na vile vya kabati ya Shosho, si vya chai. Na avilete yule msichana.

Bila maji.

Mtu hamezi dawa ya presha kwa vikombe viwili; hivi ni vya asali. Nafikiri hivyo. Joyline ameshika ukingo wa meza, kiazi bado kiko mkononi. Hataki kuniuliza na mimi sitaki kusema. Vikombe viko kwenye sinia. Naenda. Sijui nikiingia niangalie wapi, lakini si viatu, kwa maana nitaangusha vikombe.